Leo Fender: Fundi wa redio aliyeuza jina lake

Mwanzoni mwa Januari mwaka 1965, fundi mmoja wa mji wa Fullerton, katika jimbo la California nchini Marekani, aliuza kiwanda chake cha magitaa kwa shirika la utangazaji la CBS. Alilipwa dola milioni 13. Miezi michache tu kabla ya hapo shirika hilo hilo lilikuwa limenunua asilimia 80 ya timu mashuhuri ya besiboli ya New York Yankees kwa dola milioni 11.2. Kiwanda cha fundi aliyeanza na duka dogo la kutengeneza redio kiligharimu zaidi ya hisa hiyo ya fahari ya michezo ya New York.

Hakuuza kwa tamaa ya fedha. Clarence Leonidas Fender, ambaye kila mtu alimwita Leo, alikuwa na umri wa miaka 55 na kwa miaka kadhaa alikuwa akisumbuliwa na maambukizi ya bakteria katika sainasi. Tiba hazikumfaa, naye aliamini kwamba siku zake zimekaribia kwisha. Alitaka kuyaweka mambo yake sawa mapema. Basi pamoja na mashine, majengo na michoro, mkataba ule ulichukua pia jina la ukoo wake, lililokuwa limeandikwa juu ya kichwa cha kila gitaa lililotoka katika kiwanda hicho.

Lakini hakufa. Miaka michache baadaye daktari mwingine alimpa dozi kubwa ya antibiotiki, akapona. Aliishi hadi mwaka 1991, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia akijaribu kutengeneza gitaa bora kuliko yale yaliyoendelea kuuzwa duniani kote kwa jina lake.

Jicho moja

Leo Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika shamba la michungwa la wazazi wake, kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi aliota uvimbe katika jicho la kushoto. Madaktari waliling'oa, na tangu hapo alivaa jicho la kioo. Ulemavu huo ndio uliomwepusha na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wengine wa rika lake walipopelekwa Ulaya na Pasifiki.

Mapenzi yake ya umeme yalitokana na mjomba wake, aliyekuwa na karakana ya vifaa vya umeme vya magari katika mji wa Santa Maria. Leo alipokuwa kijana mdogo, mjomba huyo alimtumia sanduku la vipuri vilivyotupwa. Alipokwenda kumtembelea, aliikuta redio ambayo mzee huyo alikuwa ameiunda mwenyewe, ikiunguruma mbele ya karakana. Kuanzia hapo hakuacha kuzifungua na kuzifunga redio.

Hata hivyo, somo hilo hakulisomea popote. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1928 alijiunga na chuo cha mjini Fullerton kusomea uhasibu. Alijifunza piano kidogo, halafu saksafoni. Gitaa hakujifunza kamwe, si ujanani wala uzeeni, na inasemekana hata kulitunza sauti hakuweza. Mtu aliyebadili sauti ya muziki wa karne nzima alilazimika kumwita mtu mwingine kila alipotaka kujua kama kitu alichokiunda kinafaa kupigwa.

Alifanya kazi katika kampuni ya barafu, kisha akawa mhasibu katika idara ya barabara ya jimbo la California. Mdororo mkuu wa uchumi ulipokuja kazi hiyo ikafutwa. Akapata nyingine katika kampuni ya matairi, nayo haikudumu. Mwaka 1938, akiwa na mkewe Esther aliyemwoa miaka minne kabla, alikopa dola 600 akarudi Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio.

Kwenye duka hilo ndiko alikoipata elimu yake ya kweli. Wanamuziki wa eneo hilo walimletea vipaza sauti vilivyoungua, vikuza sauti vilivyokuwa vikikoroma na magitaa yaliyogoma katikati ya dansi. Fundi wa redio huona kila kitu kikiwa kimeharibika. Huona ni waya upi hukatika kwanza, ni kiungo kipi hulegea, na ni kitu gani kiliwekwa mahali ambapo bisibisi haiwezi kufika. Magitaa ya baadaye ya Fender yote yana alama ya elimu hiyo.

Ubao mzima

Gitaa la umeme halikuvumbuliwa na Leo Fender, na ni vyema jambo hilo likasemwa wazi kwa kuwa mara nyingi husemwa kinyume. Kampuni ya Rickenbacker ilikuwa ikiuza magitaa ya umeme tangu miaka ya 1930. Fundi Paul Bigsby wa mji wa Downey, si mbali sana na Fullerton, alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitaa la ubao usio na uvungu mwaka 1948, lenye vibano vyote sita vya nyuzi upande mmoja wa kichwa, kama vile Fender alivyovipanga baadaye. Lakini Bigsby alikuwa akitengeneza gitaa moja moja kwa mteja mmoja mmoja, na aliyelitaka alisubiri.

Tatizo lililowakabili wote lilikuwa moja. Gitaa la kawaida lina tumbo tupu linalokuza sauti ya nyuzi. Ukilifungia kinasa cha umeme na kulipiga kwa sauti kubwa mbele ya spika, tumbo hilo huidaka sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha tena kwenye kinasa, na matokeo yake ni mluzi unaoumiza masikio. Kadiri kumbi za dansi zilivyokuwa kubwa ndivyo mluzi ulivyozidi.

Kinasa chenyewe, ambacho wapiga gitaa hukiita pikapu bila kukichanganya na gari la mizigo, ni kitu chepesi kukieleza: ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake huusumbua uga wa sumaku, na msukosuko huo huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya. Kama ni hivyo, tumbo la gitaa halihitajiki. Mwaka 1943 Fender na rafiki yake Clayton Kauffman, aliyewahi kufanya kazi na Rickenbacker, waliunda gitaa la ubao mzima kwa ajili tu ya kukijaribu kinasa chao. Wanamuziki wa eneo hilo walipolisikia walianza kuja dukani kuliazima.

Ushirikiano wao uliishia mwaka 1946, Kauffman alipoingiwa na hofu ya madeni. Fender aliendelea, akianza na magitaa ya Kihawaii yanayolazwa mapajani pamoja na vikuza sauti, na mwaka 1950 akatoa gitaa lililoitwa Esquire. Shingo za matoleo ya kwanza zilipinda, ikabidi zitiwe fimbo ya chuma ndani. Mwishoni mwa mwaka huo gitaa lenye vinasa viwili likaitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina hilo linafanana na la ngoma zake. Basi kwa miezi kadhaa mafundi walikuwa wakikata kipande cha lebo chenye jina na kuyauza magitaa yakiwa na neno Fender peke yake. Jina jipya, Telecaster, lilipatikana mwaka 1951 kwa kuazima fahari ya televisheni, iliyokuwa ngeni wakati huo.

Watengenezaji wa zamani walilidharau gitaa hilo, na ukiwaangalia kwa macho yao utawaelewa. Lilikuwa ubao bapa uliokatwa kwa mashine. Shingo haikuunganishwa kwa gundi na ustadi wa seremala bali ilifungwa kwa skrubu nne. Kwa Fender hapo ndipo ubora wake ulipokuwa. Shingo ikichakaa, mwenye gitaa aifungue, aweke nyingine, na jioni apande jukwaani. Kinasa kikiungua, kibadilishwe kama kipuri cha redio.

Mwaka huo huo wa 1951 alitoa kitu ambacho huenda kimebadilisha muziki zaidi ya magitaa yake yote: gitaa la besi la umeme, Precision Bass. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba besi kubwa ya kusimama, kama ile ambayo vikundi vya taarab vya Zanzibar vinaitumia hadi leo. Haina vikato vya kuonyesha sauti iko wapi, haiingii kwenye gari kwa urahisi, na katika bendi yenye tarumbeta na ngoma haisikiki vizuri. Fender aliipunguza ikawa gitaa la nyuzi nne lenye vikato na kinasa. Mpangilio wa solo, rithimu na besi, ambao msikilizaji wa Morogoro Jazz, NUTA Jazz au OK Jazz ya Kinshasa anaufahamu kwa moyo, usingewezekana kwa namna ile tunayoijua bila chombo hicho cha tatu. Mbaraka Mwinshehe na Franco walipoliachia gitaa la solo liruke, kuna mtu nyuma yao aliyekuwa ameishika ardhi kwa nyuzi nne.

Gitaa la mwaka 1954

Wanamuziki waliozoea kukaa kwenye karakana ya Fullerton hawakuwa wapole. Rex Gallion alilalamika kwamba kingo za Telecaster zinamchoma mbavuni. Bill Carson alitaka vitako sita, kimoja kwa kila uzi, ili kila uzi urekebishwe peke yake, na alitaka mkono wa kutetemesha sauti ambao hautayaharibu masikilizano ya nyuzi. Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii aliyejiunga na kampuni mwaka 1953, ndiye aliyechora sehemu kubwa ya umbo lililotokana na malalamiko hayo.

Umbo hilo ni Stratocaster. Lina pembe mbili zinazolisawazisha kwenye mkanda, mgongo uliochongwa ukakumbatia mbavu, na upande wa mbele uliolainishwa mahali mkono unapolala. Lina vinasa vitatu badala ya viwili. Mkono wa kutetemesha, ambao jaribio lake la kwanza halikufaulu, umefungwa kwenye springi zilizofichwa mgongoni. Ukiubonyeza nyuzi hulegea na sauti hushuka, ukiuachia springi huzirudisha. Lilipotoka mwaka 1954 bei yake ilikuwa dola 249.50 likiwa na mkono huo.

Hakuna gitaa la umeme lililoigwa kama hilo. Baadhi ya sifa zake, hata hivyo, hazikukusudiwa na aliyelitengeneza. Swichi ya awali ilikuwa na nafasi tatu, moja kwa kila kinasa. Wapigaji waligundua kwamba wakiisimamisha kati ya nafasi mbili, vinasa viwili hulia pamoja na kutoa sauti nyembamba, tamu, yenye kama pua ndani yake. Walichomeka vijiti vya kiberiti ili swichi isihame. Kiwanda kilikubali matakwa yao mwaka 1977 tu, kwa kuweka swichi ya nafasi tano.

Buddy Holly alionekana nalo kwenye jalada la albamu ya bendi yake mwaka 1957. Uingereza, ambako vizuizi vya biashara vilizuia ala za Marekani kwa miaka mingi, mwimbaji Cliff Richard aliagiza moja jekundu mwaka 1959 kwa ajili ya mpiga gitaa wake Hank Marvin, na vijana wa nchi hiyo wakaanza kuliota. Halafu akaja Jimi Hendrix, mtumia mkono wa kushoto aliyeligeuza gitaa la mkono wa kulia na kulipiga juu chini. Alipoupiga wimbo wa taifa wa Marekani huko Woodstock mwaka 1969, mkono wa kutetemesha ulitoa milio ya mabomu. Mhasibu wa Fullerton, aliyependa muziki wa country, hakuwa ameunda kifaa hicho kwa ajili hiyo.

Baada ya jina kuondoka

CBS ilipoinunua kampuni iliongeza uzalishaji, na katika miaka ya 1970 malalamiko juu ya ubora yakazidi. Mwaka 1971 skrubu nne za shingo ya Stratocaster zilikuwa tatu, na wapigaji wengi wakauona huo kuwa ushahidi wa ubahili wa shirika kubwa. Magitaa yaliyotengenezwa kabla ya Januari 1965 yakaanza kutafutwa kama vito. Hukumu hiyo ina haki ndani yake, ila imetiwa chumvi. Kifaa kilichofuatana na skrubu tatu, cha kurekebisha mwinamo wa shingo bila kuifungua, kilikuwa wazo la Fender mwenyewe alipokuwa mshauri wa CBS. Na gitaa jeupe la Hendrix la Woodstock lilikuwa la mwaka 1968, yaani la CBS.

Mkataba ulimzuia Fender kushindana na waliomnunua kwa miaka 10. Muda huo ulipokwisha aliingia rasmi katika kampuni ya Music Man, iliyoanzishwa na watu waliokuwa wafanyakazi wake, akawa rais wake mwaka 1975. Huko alizalisha besi ya StingRay, ambayo hadi leo haina upungufu wa wapenzi. Lakini karakana yake na ofisi ya mauzo hazikuelewana. Mwaka 1979 aliondoka, na akiwa na George Fullerton, aliyekuwa naye tangu mwaka 1948, pamoja na Dale Hyatt wa enzi za duka la redio, alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa G&L. Herufi hizo zilisimama kwa George na Leo. Karakana ilikuwa kando ya barabara ambayo mji wa Fullerton ulikuwa umeipa jina la Fender. Barabara ingeweza kuitwa hivyo; kampuni yake isingeweza.

Mwaka huo huo wa 1979 Esther alifariki dunia. Hawakujaliwa watoto. Mwaka uliofuata alimwoa Phyllis, ambaye alikuwa naye hadi mwisho.

Katika G&L Fender alirudi kuwa kile alichokuwa mwaka 1950: mzee kwenye meza ya kazi, bisibisi mkononi. Alibuni vinasa vipya vilivyowezesha kila uzi kurekebishiwa nguvu yake, na mkono wa kutetemesha unaoegemea nguzo mbili badala ya skrubu sita, ukiwa imara zaidi katika kuyahifadhi masikilizano. Alivitazama vyombo hivyo kuwa bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na kwa vipimo vya fundi ni vigumu kumbishia. Ala za miaka hiyo zinathaminiwa sana na wale wanaozifahamu.

Tatizo ni kwamba dunia haikuwa ikimuuliza gitaa bora. Ilimwomba la mwaka 1954. Kasoro alizotaka kuziondoa, kama vile mngurumo wa kinasa kimoja au swichi inayokwama katikati, zilikuwa zimekwisha ingia katika rekodi na kuwa sehemu ya sauti ambayo vijana walitamani kuiga. Kwake gitaa lilikuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi huboreshwa. Kwa wapigaji lilikuwa limekwisha kuwa lugha, na lugha haibadilishwi na mtu mmoja, hata kama ndiye aliyeitamka kwanza. Mwaka 1985 G&L ilitoa gitaa linalofanana na lile la mwanzo kabisa, ikaliita Broadcaster. Safari hii malalamiko juu ya jina yalitoka kwa kampuni ya Fender, na mwaka 1986 gitaa hilo likaitwa ASAT.

Mwaka huo wa 1985 ndio CBS iliochoka. Iliiuza kampuni ya Fender kwa kundi la wafanyakazi na wawekezaji lililoongozwa na William Schultz, kwa dola milioni 12.5, chini ya bei iliyomlipa Leo miaka 20 kabla. Wamiliki wapya waliifufua kwa kurejea kwenye michoro ya miaka ya 1950, wakati mwenye michoro hiyo akiwa umbali mfupi tu, katika mji wa Fullerton, akihangaika kuipita.

Miaka yake ya mwisho alikuwa na ugonjwa wa Parkinson na alipata viharusi vidogo, lakini hakuacha kwenda kazini. Alikuwa karakanani siku moja kabla ya kifo chake, kilichotokea tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa Santa Ana. G&L iliuzwa kwa kampuni ya BBE Sound mwaka huo huo, na kwa miaka mingi chumba chake cha kazi kiliachwa kama kilivyokuwa, zana zikiwa juu ya meza. Mwaka 1992 gitaa jipya la G&L, lililolifuata kwa karibu kabisa umbo la Stratocaster, lilipewa jina la Legacy, yaani urithi. Mwaka huo pia mtu asiyejua kupiga gitaa aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame.

Katika mnada wa mwaka 2019, Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa kwa dola milioni 3.975. Kabla ya hapo kampuni ya Fender ilikuwa imeomba umbo la Stratocaster, la Telecaster na la Precision Bass yasajiliwe kuwa alama zake za biashara. Baraza linalosikiliza mashauri ya alama za biashara nchini Marekani lilikataa mwaka 2009. Maumbo hayo, liliamua, yamekwisha kutengenezwa na watu wengi mno kwa muda mrefu mno, na mnunuzi akiyaona haoni kampuni fulani, anaona gitaa.